Mitandamboo ya Frida

Jumapili, 12 Mei

Daftari hili ni la maandalio ya masomo. Nilistaafu nikiwa nalo jipya na hakuna aliyekuja kunidai. Lina safu za lengo, zana na tathmini, nami nitaandika juu yake bila kujali safu. Lengo nalijua: nataka mke wangu arudi nyumbani.

Nieleze mara moja ili nisirudie. Mimi ni Dismasi, nimefundisha sayansi shule za msingi miaka thelathini na moja, naishi Kasingirima, hapa Ujiji. Mke wangu Frida yuko Dodoma kwa binti yetu Leonia tangu Novemba. Watu wakiuliza nasema amekwenda kulea mjukuu. Si uongo. Lakini mjukuu sasa anatambaa na hakuna aliyenitajia tarehe ya kurudi.

Kando ya mlango wa jiko palikuwa na kichaka cha mtandamboo. Kwao Frida, kule Kalinzi, wanauita umunyonza. Frida alikuja nao mwaka tuliooana, mche mdogo ndani ya kopo, kwa sababu mama yake aliwapa mabinti zake wote mche mmoja mmoja. Ulikuwa kijani mwaka mzima, hata Agosti kila kitu kikiwa rangi ya vumbi, na maua yake meupe yalinukia hadi barabarani. Una miiba pia. Oktoba iliyopita, Frida akiwa msibani, niliukata, nikang'oa kisiki na kumwaga zege uwanja wote. Nilimwambia nilitaka uwanja upendeze kama kwa watu. Ukweli ni kwamba mwiba ulinichoma mguuni nikapandwa na hasira. Alirudi akasimama juu ya lile zege na viatu vyake vya safari. Wiki tatu baadaye alipanda treni.

Sijamwomba radhi. Tukipigiana simu tunaongea habari za mtoto.

Jumatano, 15 Mei

Leo ziwa limefungwa. Miezi mitatu hakuna kuvua, samaki wazaliane. Sokoni watu walikuwa wanagombania migebuka kama wanahama mji. Nimenunua ya chumvi, iliyokaushwa, ndoo nzima. Mtu anayekaa peke yake hawezi kuhangaikia kitoweo kila siku.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeanza kuvunja zege. Sururu moja, mtaimbo mmoja, mgongo mmoja mbovu.

Jumamosi, 18 Mei

Fundi aliyemwaga zege hili alikuwa mwaminifu mno. Nimepata kipande kando ya ukuta, urefu wa hatua sita, upana wa hatua moja. Jirani yangu Armelle alichungulia juu ya ukuta akaniamkia, akauliza kama natafuta bomba lililopasuka. Nikamwambia natafuta amani. Armelle ni Mrundi, wazazi wake walikuja zamani, yeye kazaliwa na kukulia mkoa huu. Anafua nguo za watu, na tangu asubuhi hadi jioni ni beseni, sabuni na kuimba. Frida alikuwa anampenda. Mimi namvumilia.

Jumanne, 21 Mei

Nimekwenda Kalinzi. Pikipiki ilinipandisha mlimani hadi nikasahau kama nina kiuno. Huko juu kuna baridi, kahawa imeanza kuiva, na nyumba ya wakwe zangu imezungukwa na ua wa mitandamboo mirefu kuliko mimi. Yote ni ya yule mama mkwe, marehemu.

Shemeji yangu Adolf alinikuta nimesimama nje. Aliniachia kiti, akaendelea kuanika kahawa yake karibu saa nzima kana kwamba mimi ni kiti kingine. Sikulalamika. Kwa tabia yangu, hilo nalo liandikwe.

Mwishoni akaja. "Dada anajua umekuja?"

"Hajui."

"Basi na mimi sijakuona."

Lakini alinipa miche mitano ndani ya viriba, aliyoiotesha mke wake. Akaniambia niimwagilie kidogo mara moja kwa wiki mpaka ishike mizizi, kisha niiache. Mti huu umezoea shida, akasema, anayeubembeleza ndiye anayeuua. Nilimwambia nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Akasema anajua.

Jumatatu, 27 Mei

Siku nzuri. Nimepanda yote mitano. Kila mmoja nimeuchimbia shimo lenye kingo, nikazika kando yake chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, ambacho maji yake huvuja polepole kwenye mizizi, kisha nikatandaza nyasi kavu juu ili jua lisinyonye unyevu. Kama mkaguzi wa elimu angepita leo ningepata alama zote.

Maji ya bomba kwetu huja Jumanne na Ijumaa asubuhi, na ukifika mwezi wa nane hata siku hizo huwa hadithi. Kwa hiyo nimeweka sheria: bustani hii haitapata hata kata moja ya maji safi. Itakunywa maji niliyonawia, niliyooshea vyombo, na yale ninayolowekea samaki. Ya samaki hasa, maana yana mbolea. Hilo nimewafundisha watoto wa watu tangu sijaota mvi.

Nimeamua jambo jingine. Sitamwambia Frida kitu mpaka mitano yote iwe imechipua majani mapya. Nitaipiga picha nimtumie. Mwenye macho ataona kwamba nimejuta, sitahitaji kusema.

Jumapili, 2 Juni

Frida amepiga simu baada ya misa. Mtoto ana meno mawili.

Ijumaa, 7 Juni

Maji yametoka nusu saa. Mgebuka, ugali.

Jumapili, 9 Juni

Jumuiya yetu ya kanisani wamenikumbusha kwamba wiki ijayo sala ni kwangu. Nimesingizia mgongo. Nitawapa nini, na nani atapika? Wakaniombea mgongo. Nilijisikia vibaya.

Alhamisi, 13 Juni

Mche wa tatu una majani mawili mapya, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nilibaki nimechuchumaa hapo hadi miguu ikafa ganzi. Nilitaka kumwita mtu aone. Nikamwita jogoo.

Jumanne, 18 Juni

Mgebuka, ugali. Nilipika wa watu wawili tena. Mkono haujajifunza.

Alhamisi, 20 Juni

Mche wa kwanza majani yake yamekuwa ya kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Nimeongeza maji ya samaki upate nguvu.

Jumatatu, 24 Juni

Sasa ni wa kwanza na wa pili. Wadudu hakuna. Mchwa hakuna. Nimesoma kitabu changu cha kilimo chote.

Jumapili, 30 Juni

Frida hakupiga. Nilipopiga mimi alipokea Leonia, akasema mama ametoka. Ametoka kwenda wapi Jumapili mchana Dodoma? Leonia akasema, "Baba, mama ana watu wake hapa." Nikamuuliza watu gani. Akasema watu tu, marafiki.

Nimelichukia neno hilo siku nzima. Mimi ndiye nisiye na watu, na niko kwangu.

Jumatano, 3 Julai

Nimempata muuaji. Chini ya ukuta wetu kuna tundu la kupitishia maji ya mvua, na leo nimeona povu. Ni Armelle. Maji yake ya sabuni yanavuja kuja kwenye mitandamboo yangu, magadi na dawa za kung'arisha, kutwa kucha. Nilimwita ukutani, nikamwambia. Akasema maji yake anayamwaga upande wa pili kwenye mtaro na lile povu ni la beseni lililomponyoka asubuhi. Nikamwambia mimi si mtoto.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeziba tundu kwa saruji.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma mjini. Sikwenda.

Ijumaa, 19 Julai

Naandika hili kwa sababu nisipoliandika nitaanza kulisimulia vizuri kuliko lilivyokuwa.

Asubuhi bomba la barabarani lilipasuka karibu na kwa Armelle, maji yakaingia uwanjani kwake. Zamani yangepita kwenye lile tundu, yakavuka kwangu na kutoka barabarani. Leo hayakuwa na njia. Nguo za watu alizokuwa amepanga chini kwa mafungu zikalowa na kujaa tope, shuka za harusi zikiwamo. Alikuja mlangoni kwangu na miguu imejaa matope. Hakupiga kelele. Aliomba nizibue tundu, hata kidogo, mpaka maji yaishe.

Nilikuwa nimetoka kung'oa mche wa kwanza. Ulikuwa umekufa hadi mizizi, nilikuwa bado nimeushika mkononi. Nikamwambia, "Maji yako yapeleke kwenu."

Alinielewa, na mimi nilijua nimesema nini. Hapa kwetu neno hilo mtu wa asili ya Burundi akiambiwa lina maana moja tu.

Akasema, "Kwetu ni hapa, Mwalimu." Akaondoka.

Nilimsikia akichota maji kwa beseni kutoka uwanjani kwake kuanzia saa mbili hadi adhana ya adhuhuri. Sikutoka. Nilikaa ndani na mtaimbo ulikuwa nyuma ya mlango.

Jumamosi, 20 Julai

Armelle haimbi leo.

Jumatano, 24 Julai

Wala leo.

Jumapili, 28 Julai

Frida amepiga. Nikataka kumwambia kuhusu Armelle, nikajua atakachosema, nikanyamaza. Akauliza nakula nini. Nikasema vizuri. Mtoto anasimama akishika kiti.

Alhamisi, 8 Agosti

Mche wa pili umekufa. Tundu nimeliziba mwezi mzima, sabuni hakuna, na bado umekufa. Nimeliangalia jambo hili kila upande na kila upande linanirudia mimi. Iliyobaki mitatu ina majani ya kuhesabika. Huu ni mti unaoota kwenye mawe, hauhitaji mvua, hauhitaji mtu, na mimi nimeweza kuua miwili ndani ya wiki kumi.

Nimefikiri nisimpigie tena Frida. Nimwambie nini?

Jumapili, 11 Agosti

Upepo wa ziwa jana ulichukua shati langu jeupe kambani. Leo mchana Armelle amelileta. Lilikuwa limeangukia matopeni kwake, akalifua, akalipiga pasi na kulikunja. Baada ya neno nililomwambia. Alisimama mlangoni, akaniamkia "Shikamoo, Mwalimu," kama mtu anayelipa ushuru, akanipa shati. Alipogeuka macho yake yakaenda kwenye mashimo ya miche. Akasimama.

Akachuchumaa, akafunua nyasi. Chini yake udongo ulikuwa na ukoko mweupe, ambao mimi nilidhani ni ukungu wa mbolea. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaweka ulimini.

"Ni chumvi."

"Ya sabuni," nikasema.

"Oya, siyo. Sabuni nimeila tangu utoto, naijua. Hii ni ya samaki." Akanitazama. "Mwalimu unakula mgebuka wa chumvi tangu ziwa limefungwa. Tunasikia harufu yake. Maji yake unamwaga wapi?"

Niliingia jikoni. Sufuria ya leo ilikuwa pale, mgebuka umelowekwa, maji meupe tayari kwa bustani. Nikachovya kidole, nikalamba. Chumvi tupu. Karibu miezi mitatu, kila siku, ndani ya vyungu vilevile nilivyovizika ili maji yasipotee. Nimeichora kwenye ubao miaka thelathini na moja: mzizi, maji, chumvi, mshale unaoonyesha maji yakitoka ndani ya mzizi badala ya kuingia. Watoto waliokosa mshale huo niliwachapa.

Nilikaa kwenye stuli ya Frida. Yeye alikuwa akimwaga maji ya samaki nje kabisa, barabarani, na mimi nilikuwa namsema kwamba anapoteza maji.

Nilipotoka Armelle alikuwa ameshaondoka.

Alhamisi, 15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Boti zimeingia asubuhi, mji wote unanuka samaki wabichi na watu wanacheka hovyo. Sikununua. Nilikuwa na kazi nyingine.

Nilichukua mtaimbo nikazibua tundu. Ilinichukua hadi saa nne, saruji yangu mwenyewe. Kisha nikavaa lile shati jeupe nikaenda mlangoni kwa Armelle. Sijawahi kumwomba mtu radhi tangu nikiwa mtu mzima. Mdomo haujui pa kuanzia, unatafuta kwanza sababu. Nikaanza na hali ya hewa, nikaja kwenye ziwa, yeye akaendelea kukamua nguo na kusubiri. Mwishoni nikasema: "Armelle, nilikuonea kuhusu maji. Na lile neno la kwenu, nilikutukana. Nisamehe."

Akatundika suruali aliyokuwa ameishika. Akasema lile la maji alishasamehe. La pili bado linamuuma, na likiisha kumuuma ataniambia. Nikasema sawa. Ni jibu la haki, nimelifikiria njia nzima ya kurudi, ambayo ni hatua ishirini.

Ijumaa, 16 Agosti

Maji yametoka leo! Armelle alikuja bila kuitwa na ndoo zake mbili. Akasema udongo wenye chumvi unafuliwa kama nguo: maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila maji yawe na njia ya kutokea, la sivyo unasuuzia uchafu uleule. Akanionyesha nitoboe zege upande wa chini. Nimevunja mfereji hadi barabarani. Nimetupa vile vyungu vyangu. Tukamwaga ndoo baada ya ndoo, mimi mwenye sheria ya kutotumia hata kata ya maji safi. Ya kwanza yalitoka meupe. Ya tatu aliyaonja akatema, akasema bado kidogo. Ya tano akaitikia kwa kichwa kwamba yametosha.

Tulipomaliza nilimkaribisha chai. Akasema ana nguo za kufua. Lakini nilimsikia akiimba.

Jumapili, 1 Septemba

Hakuna mabadiliko. Joto kali. Mitatu imesimama kama njiti.

Jumatano, 11 Septemba

Namwagilia glasi moja ya maji safi kwa wiki, basi. Kazi kubwa ni kukaa mbali.

Jumamosi, 14 Septemba

Jumuiya wamesali kwangu. Nilipika mwenyewe wali na migebuka mibichi. Wali uliungua chini. Mama Verediana, mwenyekiti wetu, aliomba ukoko. Walikaa hadi jioni wakizungumza na mimi sikutaka waondoke.

Jumatatu, 23 Septemba

Mche wa tatu umechipua. Kwenye kifundo, chini kabisa, kitu chekundu kidogo kama ncha ya kiberiti.

Ijumaa, 27 Septemba

Yote mitatu. Nimehesabu majani kumi na moja. Armelle ameyahesabu, kapata kumi na mawili.

Jumapili, 29 Septemba

Nilipiga picha, nikaandika namba ya Frida, kisha nikaona ujinga wangu. Nilitaka majani yaseme kwa niaba yangu. Nikapiga simu. Alipopokea sikuuliza habari ya mtoto.

"Mama Leonia, nilifanya kosa kuukata mti wako. Nilikuwa na hasira, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nisamehe."

Mtoto alikuwa akigonga kijiko mahali. Frida akamnyang'anya, nikasikia kikiwekwa mezani.

"Umesema," akasema. Kisha: "Nimekusamehe." Halafu akasema atakuja mwezi ujao, wiki mbili.

Nimesikia kwamba atakuja. Hizo wiki mbili nazo nimezisikia, nitazifikiria kesho.

Jumatano, 9 Oktoba

Mawingu juu ya milima ya Kongo. Nimefagia nyumba mara mbili. Nimeanika godoro.

Jumamosi, 12 Oktoba

Alinikataza kwenda stesheni, akasema atafika mwenyewe. Geti lilikuwa wazi. Nilikuwa uani nachambua mchele niliposikia, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya Frida. Miaka thelathini na minne mwanamke huyu anaingia nyumba hii akinilalamikia jambo kabla hajavua viatu, na leo anapiga hodi. Nilishindwa kujibu. Nikisema karibu nitakuwa namkaribisha mgeni. Akapiga ya pili. Hapa Ujiji kila mtu anajua, ya tatu isipojibiwa mtu hugeuka akaenda zake. Nikatoka mbio na ungo mkononi, mchele ukamwagika.

"Karibu," nikasema.

"Asante."

Amenenepa kidogo, amependeza. Ameleta zabibu na karanga, amenikabidhi kwa mikono miwili. Alikaa kwenye kochi la wageni, mkoba magotini. Akaniuliza afya, akauliza majirani. Kisha akatoka uwanjani, akaiona miche. Aliinama akagusa majani kwa mgongo wa kidole, akakaa hivyo. Sikumwona uso. Amepanga vitu vyake chumba cha Leonia.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua ya kwanza. Yeye na Armelle walikaa barazani kwa Armelle wakicheka hadi nikawasikia huku. Nilifurahi na niliona wivu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tunakula pamoja. Tunaongea vizuri, kwa adabu. Jana chumvi ilikuwa imezidi kwenye mboga, kosa langu, akasema tamu. Frida wa zamani angenirushia kijiko.

Jumatano, 23 Oktoba

Asubuhi, mvua ikiwa imekatika, alichukua jembe dogo akaanza kuchimba kuzunguka mche wa tatu, ule ulio bora. Nikamuuliza kuna nini.

"Mmoja nautaka. Huko nina uwanja."

"Uwanja wa Leonia?"

"Wangu. Nimepanga vyumba viwili jirani na kwake, tangu Julai. Sikutaka uambiwe kwa simu."

Hasira ilipanda, naijua njia yake, inaanzia masikioni. Nilitaka kumwambia kwamba nimevunja zege kwa mikono hii, kwamba nimekula mgebuka wa chumvi miezi mitatu kama mfungwa. Nikaona yote hayo anayajua. Nikachuchumaa upande wa pili wa shimo. Nikamuuliza kama basi hatarudi.

Aliendelea kuchimba taratibu asikate mizizi. "Sijui, Baba Leonia. Mti nimekusamehe kweli, sina kinyongo. Lakini kule nikiamka asubuhi sitegi kwanza sikio nijue wewe umeamkaje. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku, hata sikujua. Nilijua nilipoacha."

Ninavyojua mimi, asubuhi zangu zilikuwa za kawaida. Nilidhani ni mti. Mwaka mzima nimedhani ni mti.

Nikaenda kuleta gunia. Nikalilowesha, tukaviringisha mizizi na udongo wake, yeye akafunga kamba, mimi nikashika. Alipomaliza fundo nikamuuliza kama naweza kuja kumwona.

Akafikiri. Aliniangalia hasa, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Njoo Krismasi," akasema. "Uje kama mgeni, kama nilivyokuja mimi. Tuone."

Jumamosi, 26 Oktoba

Treni imeondoka. Safari hii alikubali nimsindikize, na Armelle alikuja, akambebea mche hadi ndani ya behewa. Waliagana kwa Kirundi na Kiha, nusu kwa nusu, wakilia. Mimi aliniambia nile vizuri.

Tukirudi Armelle aliniuliza kama nitakwenda kweli. Nikasema nitakwenda. Akasema lile neno bado linamuuma lakini kidogo, kisha akaingia kwake.

Mvua inanyesha. Miche miwili iliyobaki haitaki kitu kwangu mpaka mwezi wa sita. Nimekaa na daftari hili nikijaribu kuandika anachopenda Frida, ili mgeni asiende mikono mitupu. Nimeandika zabibu, nikafuta, kwa kuwa Dodoma ndiko zinakotoka. Nimeandika migebuka mibichi. Kisha nimekwama. Miaka thelathini na minne amenipikia chai, na sijui anapenda kuinywa saa ngapi, maana siku zote aliinywa nilipotaka mimi.